Karani Aliyefuta Rai

Juzi mjukuu wangu alinijia amenuna, simu mkononi. Alikuwa ameuliza swali kwenye mtandao wa maswali na majibu, ule ambao watu wasiojuana huulizana na kujibiana, na wenye mtandao wakalifunga. Wamemwambia swali lake halina jibu, lina maoni tu, na maoni pale hayatakiwi. Akataka nimwambie kama wamemwonea. Kwanza nilicheka. Halafu kicheko kikanikauka, nikamwambia aniache nimalize kuchagua mchele. Mimi nimeishi ukuta kwa ukuta na mtu wa kufuta maoni, na mpaka leo sijui kama alikuwa na haki au hakuwa nayo. Ningalijua ningalipumzika.

Alikuwa karani wa tikiti za basi hapa Garsen, mwisho wa miaka ya tisini, nami nilikuwa na mkahawa wa chai ubavuni mwa ofisi yake. Jina lake analo mwenyewe. Kabila lake silisemi, na msinisumbue. Watu wa huku wakisikia mtu anasimuliwa huuliza kwanza ni wa ng'ombe au wa shamba, kisha ndipo waamue kama watasikiliza. Sisi tulimwita Karani, basi. Hata mkewe alimwita Karani, na alipokasirika alimwita Karani vile vile, ila kwa kulivuta.

Mimi ni mtu wa Kipini, nimeolewa huku, na ulimi wangu wanasema hauna kufuli. Wake ulikuwa na kufuli na komeo. Ndiyo maana tulielewana.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha mabati chenye dirisha la wavu. Nje ya dirisha palitundikwa ubao mweusi wa kuandikia saa za mabasi: la Malindi, la Lamu, la Hola na kupanda juu. Saa zenyewe zilikuwa za uongo tangu zamani. Basi la Lamu lilingoja askari wa kulisindikiza kwa sababu ya majambazi wa njiani, na askari walikuja walipokuja. Basi watu wakawa wanamzonga kwa maswali. Barabara imekatika wapi? Ndume wa ng'ombe anauzwaje Malindi? Naye alichukia kujibu asichokijua. Akaanza kuliandika swali ubaoni na kumpa dereva au utingo alichukue. Swali linapanda basi, linakwenda, na basi likirudi jibu linarudi nalo. Kushoto swali, kulia jibu, na chini ya jibu jina la mtu aliyeona kwa macho yake. Jibu lisilo na aliyeona hakuliandika, hata kama limetoka kwa chifu.

Msione ni jambo dogo. Wakati ule simu ilikuwa ya posta, nayo ilikufa mara nyingi kuliko ilivyokuwa hai. Mfugaji wa Chewele, huko juu kabisa, aliweza kuuliza kama dawa ya ugonjwa wa mbung'o imefika Malindi, na baada ya siku chache akapata jibu na jina la duka. Watu walishuka kutoka maboma na mashamba kuja kusoma ubao tu. Wasiojua kusoma walisomewa, na mkahawa wangu ukajaa. Sikatai kwamba nilinufaika.

Sheria yake ilikuwa moja. Mtu akija na swali, yeye huweka kalamu nyuma ya sikio na kumuuliza: "Swali lako linapanda gari gani, na likifika linatazama nini?" Mtu akiweza kusema, swali linaandikwa. Asipoweza, Karani huchukua kitambaa, kipande cha kikoi kuukuu kilicholowa ndani ya kopo la maji, na kufuta hata kabla chaki haijatulia. "Hiyo ni rai," husema. "Rai ni mali ya mtu, iache nyumbani kwako."

Vijana walimchokoza. Siku moja waliandika kwa herufi kubwa: nani wakali, timu ya Garsen ama ya Hola? Alilifuta, akaandika mahali pake matokeo ya mechi iliyopita, ambayo Garsen tulifungwa vibaya. Vijana wakapiga kelele kwamba siku hiyo refa alikuwa wa Hola. Akawauliza kama wanataka kuuliza refa alikuwa wa wapi, kwa kuwa hilo lina gari. Wakaondoka wakimsema, na kesho yake wakarudi kununua tikiti.

Lakini msidhani yeye mwenyewe hakuwa na rai. Ala, mtu yule alijaa rai kama gunia! Akiketi kwangu hakuna alichokiacha. Chai yangu imelala. Mahamri ya leo yana iliki ya kutosha kuzikia mtu. Madereva wa Lamu wana kiburi, wa Malindi wana uvivu. Mbuzi hafungwi kwa shingo, anafungwa kwa mguu. Mwanamume anayepaka hina ndevu anaficha deni au mke. Aliyasema haya kwa sauti yake ndogo, macho kwenye kikombe, na ukimbishia hakasiriki. Ila ukimuuliza la maana, la kura, la ardhi, la nani amemdhulumu nani, anatazama saa ya ukutani na kusema basi la Hola limechelewa. Nikamwambia wewe una rai za sukari tu. Akanijibu kwamba rai za sukari hazijawahi kuvunja nyumba.

Kulikuwa na mwanamke wa Bura, mke wa mkulima wa mashamba ya mifereji. Mumewe alikwenda Lamu kutafuta kazi, akanyamaza. Akaja akauliza ubaoni: mume wangu yu hai? Swali likapanda basi, likangoja askari pamoja na abiria wengine, likafika. Jibu likarudi: yu hai, anafanya uashi, ana mke mwingine na mtoto mchanga. Aliyeona ni utingo mwenyewe, jina lake chini. Mwanamke alisomewa, kisha akamwomba Karani aandike swali la pili: nimngoje au nisimngoje?

Karani alikishika kitambaa kabla hajaandika hata herufi moja. "Dada yangu, hilo halina gari," alimwambia, taratibu. Yule mwanamke akaja kulia kwangu. Mimi nilimwambia rai yangu pale pale, asimngoje, na mama mmoja aliyekuwa akinunua maziwa akasema amngoje, wanaume hurudi, na mzee mmoja wa pembeni akasema arudi kwa baba yake. Alipoondoka alikuwa na rai nyingi kuliko machozi. Nilimwendea Karani nikamwambia umemnyima mtu neno siku aliyolihitaji. Akasema yeye alimpa kilichoonekana, na sisi tumempa kelele. Nilikasirika nikamnyima chai mchana kutwa. Jioni nilimpelekea, lakini bila sukari.

Mabishano yetu yalikuwa hayo siku zote. Mimi nilimwambia: ukifuta ubaoni hujafuta moyoni. Watu waandike, watukanane kwa chaki, chaki haina makali. Yeye alisema neno la mdomo lina mwenyewe, unamwona uso, unajua ni mlevi au ana msiba, unamsamehe. Neno la ubaoni halina uso. Kila apitaye atalichukua, alifanye lake, na akifika nalo nyumbani limekua. Nilimwona mwoga. Leo nikiona yanayoandikwa kwenye simu hizi, watu wasio na nyuso wakichinjana kwa maneno, namkumbuka. Kisha nakumbuka yaliyotokea, na kumbukumbu yenyewe hainisaidii.

Yaliyotokea ni haya. Kwangu walikuwa wakiketi benchi moja wazee wawili, Mzee Barisa, mfugaji, Mwislamu, na Komora, mkulima wa kandokando ya mto, mtu wa kanisa. Wake zao walibadilishana maziwa na ndizi. Baada ya mavuno Komora alimruhusu Barisa aingize ng'ombe shambani wale mabua, na samadi ikabaki. Hata mwezi wa Ramadhani, Komora alikuwa akija kunywa chai yake kwa kujificha nyuma ya pazia langu, kwa heshima ya mwenzake, na Barisa alikuwa akijua na kumtania futari ikifika. Hao ndio watu niliotaka wabaki pale benchini. Sikutaka kingine.

Ikaja mvua ya Elnino. Mto ulitoka mahali pake, ukatembea. Mashamba, vibanda, mizoga, vyote vikapita mbele yetu. Maji yalipoondoka, ukame ukaingia kana kwamba ulikuwa umepanga foleni nyuma yake. Malisho yakakauka, ng'ombe wakawa hawana pa kwenda ila mtoni. Na juu ya hayo wakaja wapimaji wa ardhi, na maneno ya hati za mashamba. Njia ya ng'ombe ya kushukia mtoni, ambayo wafugaji huiita malka, sasa ikawa inapita katikati ya mpunga wa Komora. Ikifungwa, ng'ombe wa Barisa wanakufa. Ikiachwa, Komora hana mavuno, na watoto alioachiwa na mafuriko, wa ndugu yake, wanalala na njaa.

Asubuhi moja tukakuta swali ubaoni: malka ifungwe ama iachwe? Karani akalifuta. Ijumaa likarudi, kwa mwandiko mwingine, akalifuta. Jumapili vile vile. Kila akilifuta watu wanaguna, na waliokuwa wakizungumza pamoja mbele ya ubao sasa wakaenda kuzungumza mafungu mafungu, hawa nyuma ya msikiti, hawa nyuma ya kanisa. Nilimwambia, kaka, liache, waseme. Hapa mbele yetu watasema kwa haya, huko nyuma wanasema bila haya. Hakunisikiliza. Kisha akafanya jambo aliloliona ni la busara kuliko yote. Alibadilisha swali. Aliandika: malka ilipita wapi kabla ya mafuriko? Ajibu aliyeona kwa macho.

Hilo lilikuwa na gari, alisema. Njia ama ilikuwapo ama haikuwapo. Alikuwa na furaha, maskini, alikula mahamri bila kuyalaumu.

Barisa akaja kujibu mbele ya watu. "Mimi naona kwa macho," alisema. "Baba yangu napita hapo kwa mikindu, mimi napita hapo kwa mikindu. Ng'ombe najua yenyewe." Mikindu hiyo ilikuwa upande wa mpunga wa Komora. Komora naye akaja, akasema yeye tangu utotoni ameiona malka kule kwenye mkuyu mkubwa, mbali na lilipo shamba lake sasa. Kila mmoja alikuja na mashahidi, watu wazima, wenye kuogopa Mungu. Karani alikuwa na chaki mkononi na hakuandika kitu. Kwenye ubao wake swali halijawahi kurudi na majibu mawili yaliyoonwa.

Akafunga dirisha, akapanda pikapu iliyokuwa ikienda upande wa malka, akaenda kutazama mwenyewe. Karani hakuwa mtu wa safari. Aliwakatia watu tikiti maisha yake yote na yeye hakwenda mahali. Alirudi siku ya pili, suruali ina matope hadi magotini, akaketi kwangu bila kuagiza kitu.

"Mto umehama, dada," aliniambia. "Na ulishahama zamani vile vile. Mkuyu uko kwenye mto wa kale, mikindu iko kwenye mto wa juzi, na shamba liko kwenye mto wa leo. Kila mmoja ameona. Ila kila mmoja ameona mto wake."

Nikamwambia basi waite, uwakalishe hapa, waambiane sasa tufanyeje. Akatikisa kichwa. Tufanyeje ni rai, alisema, nami nimekwenda kuona, nitaandika nilichoona. Akaandika upande wa kulia, mwandiko wake mzuri ule: wote wawili wamesema kweli. Chini akatia, ameona Karani.

Ee Mola. Ilikuwa kweli tupu, na naapa sijaona uongo uliodhuru kama kweli ile. Kabla ya adhuhuri upande huu ulikuwa ukisema Karani ameandika wazee wetu wamesema kweli, njia ni yetu. Upande wa pili ulikuwa ukisema maneno hayo hayo. Neno lile, wote wawili, hakuna aliyelibeba kwenda nalo nyumbani. Barisa na Komora siku hiyo waliketi benchini, mmoja huku mwingine kule, katikati nafasi ya mtu wa tatu. Komora alimaliza chai kwanza. Alimwambia mwenzake kwaheri, na mwenzake aliitikia, hayo niliyasikia.

Asubuhi iliyofuata vijana wa ukoo wa Barisa waliswaga ng'ombe kushuka mtoni, na vijana wa upande wa Komora walikuwa wamezuia njia kwa miiba. Komora alikwenda kusimama katikati. Wengine wanasema alikwenda kuwazuia ng'ombe, wengine wanasema alikwenda kuiondoa ile miiba. Akapigwa mkuki wa mbavu. Walimleta Garsen kwa pikapu, basi la Malindi lilikuwa likipakia, abiria wakashuka wakampisha alazwe kiti cha nyuma. Karani alimfungulia mlango. Hakumkatia tikiti. Basi lilirudi naye kabla halijafika mbali, maana hapakuwa tena na haja ya hospitali.

Siku zilizofuata manyata ya kina Barisa, boma lote, ilichomwa. Yeye alihama na ng'ombe waliosalia, wakasema ameelekea Chewele. Benchi langu halikumwona tena, wala yeye wala mwenzake, na nililiuza kwa mtu wa vitanda kwa sababu sikuweza kulitazama.

Baada ya maziko tulikuta swali jipya ubaoni. Nani aliyemchoma Komora mkuki? Karani alilisoma, akakiinua kitambaa, maji yakamtiririka hadi kiwiko. Akasimama hivyo, watu wote tunamtazama. Kisha akakirudisha ndani ya kopo.

"Hili lina gari," alisema. "Na wako waliotazama."

Akaliacha. Likakaa pale, kushoto swali, kulia patupu. Kwangu ndani watu walijaa na kila mtu alikuwa na rai: ni laana, ni wapimaji, ni wanasiasa, ni wao walianza, ni sisi tulikawia. Rai zilimwagika mezani pamoja na chai. Lakini waliokuwapo asubuhi ile, pande zote mbili, walipita mbele ya ubao wakitazama chini. Hata mashahidi walioapa juu ya mikindu na mkuyu hawakuwa wameona kitu. Nilitamani mtu mmoja tu aje aseme. Nilitamani hata awe mwongo. Mvua ndogo ya msimu ule ndiyo iliyolifuta swali lile, kidogo kidogo, jina la Komora likawa la mwisho kuondoka.

Karani hakuandika tena ubaoni ila saa za mabasi. Baadaye hata hizo akaacha. Mwenye basi alileta karani mwingine, kijana mchangamfu, na ubao ukapakwa rangi na kuandikwa tangazo la sabuni. Karani wetu akaondoka na mkewe, bila kuaga, akaniachia kopo lake mlangoni. Kitambaa hakikuwemo.

Nilimwona mara moja tena, miaka michache baadaye. Nilikuwa nakwenda kumwona mpwa wangu aliyeolewa kwenye mifereji ya Bura, nikashuka njia panda kwenye basi la Garissa, likaendelea na safari, nami nikaketi kwenye kibanda cha soda kungoja pikipiki ya kunichukua. Yeye alikuwa pale, kwenye kigoda, uso ameuelekeza barabarani. Alikuwa amekonda. Tukasalimiana, nikamuuliza mkewe, akasema hajambo. Nikamuuliza na lile lililokuwa moyoni mwangu miaka yote. Nilimuuliza kama angeliacha swali lile la kwanza la malka, watu wakaandika rai zao zote mpaka chaki ikaisha, je, Komora angekuwa hai?

Sikutaraji anijibu. Aliinua macho, mahali ambapo kwangu palikuwa na saa ya ukutani.

Kabla hajasema neno akaja kijana mbio, begi begani, jasho linamtoka, dada yake anajifungua hospitali ya Garissa. Akamuuliza yeye, maana ndiye aliyekuwa ameketi pale kwa utulivu wa mwenyeji: mzee, basi la Garissa limepita?

Vumbi la basi lilikuwa bado halijalala. Lilipita mbele ya macho yake, mimi nimeshuka humo akiniangalia.

"Wako wanaosema limepita," alijibu.

Nilimgeukia yule kijana, nikamwambia limepita, mwanangu, sasa hivi, mimi mwenyewe nimeshuka humo, tafuta pikipiki ulifukuze. Kijana akanitazama mimi, akamtazama yeye, mgeni na mwenyeji, akangoja mzee aseme lipi ni lipi.

"Hiyo ni rai ya huyu mama," Karani akasema.

Kijana akashukuru, akatua begi lake chini, akaketi kungoja basi.